Sanduku lenye magurudumu: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu Motocompacto

Naishi Columbus, Ohio, si mbali na Marysville, mji ambao Honda walianza kuunda pikipiki mwaka 1979 na magari ya Accord mwaka 1982. Tangu video za ile skuta yao ya umeme yenye umbo la sanduku zilipoingia kwenye makundi ya WhatsApp, simu yangu haijapumzika. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa niko Ohio, basi kiwanda ni cha baba yangu. Bahati nzuri jirani yangu anayo, na aliposafiri wiki tatu aliniachia niitumie. Najibu kwa niliyoyaona mwenyewe na kwa vipimo walivyotangaza Honda. Maswali nimeyaacha yalivyoulizwa.

Mwanangu, hilo friji linaendeshwa?

Linaendeshwa, mama mdogo. Jina lake ni Motocompacto. Honda waliitangaza Septemba 14, 2023, na ikaanza kuuzwa Novemba mwaka huohuo kupitia mawakala wa Honda na wa Acura, chapa yao ya magari ya kifahari, hapa Marekani. Ni skuta ya umeme ya kukalia, ya mtu mmoja. Ikikunjwa ni boksi jeupe lenye urefu wa sentimita 74, kimo cha sentimita 54 na unene usiofika hata sentimita 10. Ukiikunjua urefu unafika sentimita 97 na kiti kinakuwa sentimita 62 kutoka ardhini.

Mota iko kwenye gurudumu la mbele na nguvu yake ya juu ni wati 490. Mwendo wa mwisho ni kilomita 24 kwa saa. Betri ikijaa inakupeleka hadi kilomita 19, na kuijaza kutoka sifuri kunachukua saa tatu na nusu. Walioisanifu ni wahandisi wa Honda wa hapa Ohio na wa California, ingawa babu yake ni Mjapani. Huyo babu nitamfikia.

Hivi hawakuweza kuchora kitu chenye mvuto? Kwa nini boksi?

Kwa sababu boksi ndiyo kazi yenyewe. Usukani unaingia ndani, kiti kinaingia ndani, gurudumu la nyuma linaingia ndani, na chaja nayo ina pake humohumo. Kitu cha kuficha viungo vyake vyote tumboni hakiwezi kuwa na kiuno. Ubavu ukiwa bapa unaiegemeza ukutani, unaiingiza chini ya meza ya ofisi, unailaza kwenye buti la gari bila kuhangaika na mpini unaochomoza kama pembe ya ng'ombe.

Mimi nikiitazama naona mbuzi ya kukunia nazi. Fikiria vizuri: mbuzi inakunjwa, inabaki bapa, inaegemezwa nyuma ya mlango wa jikoni. Ukiihitaji unaikunjua, unaikalia, unafanya kazi yako, unaikunja tena. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba mbuzi haina mvuto. Ina umbo la kazi yake, basi.

Sasa yule babu. Mwaka 1981 Honda walitoa Japani gari dogo lenye paa refu liitwalo City. Pamoja nalo wakatoa kipikipiki cha cc 49, Motocompo, kilichopimwa makusudi kiingie kwenye buti la gari lile. Unaegesha gari mahali penye nafasi, unatoa kipikipiki, unamalizia safari mjini. Usukani na kiti vilikunjwa vikazama ndani ya mwili wa kipikipiki, kikabaki boksi. Ilikuwa ya petroli, kwa hiyo walilazimika kuhakikisha mafuta hayavuji ikilazwa. Na ilikuwa na uzito wa kilo 42 kabla ya kutiwa mafuta. Hebu jaribu kunyanyua kilo 42 kutoka kwenye buti ukiwa na suti na tai.

Matarajio ya Honda yalikuwa kuuza 10,000 kwa mwezi. Ilipofika 1983 wakaacha kuitengeneza, na jumla yote iliyotoka kiwandani ilikuwa 53,369. Kwa hesabu ya biashara, hiyo ni safari iliyoishia njiani. Miaka ilivyopita, vijana waliokuwa wakiitazama kama kichekesho wakawa watu wazima wenye fedha, wakaanza kuitafuta kama lulu. Leo aliye na Motocompo iliyotunzwa haiuzi kwa bei ya chuma chakavu. Ndiyo maana Motocompacto ilipotangazwa kulikuwa tayari na watu waliokuwa wakiingoja bila kujua wanangoja nini.

Kwa hiyo ilipotoka watu waliipokeaje?

Kwa kicheko, na kisha wengine wakatoa pochi. Neno lililorudiwa kuliko yote lilikuwa sanduku la safari. Wenzetu wa hapa waliifananisha na begi la kwenda nalo kwenye ndege, na wengine na vyombo vya umeme vya jikoni. Kwenye kundi letu la familia ilishaitwa friji, dumu la mafuta, spika ya harusini, na mjomba mmoja wa Morogoro aliuliza kama ndani mna soda.

Nilipokuwa naitumia niligundua jambo ambalo sikulitarajia. Anayeiona kwanza ikiwa imekunjwa huipenda. Anayeiona kwanza mtu akiwa ameikalia hucheka. Ilitokea hivyo karibu kila siku.

Asubuhi moja nilikuwa kituo cha basi, boksi limesimama kando ya mguu wangu. Mzee mmoja Mmarekani akasogeza miguu yake kistaarabu ili nipate pa kuweka mzigo. Akaniuliza nasafiri kwenda wapi. Nikamwambia naenda kazini, kisha nikafungua kifuniko cha juu, nikainua usukani, nikavuta kiti, nikalitoa gurudumu la nyuma. Yule mzee aliweka kahawa yake chini. Akagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, ko ko, kama mtu anayepima embe au tikiti sokoni, akauliza bei. Hakucheka hata kidogo. Alikuwa ameona sanduku likigeuka chombo, na hiyo ilimtosha.

Siku hiyohiyo jioni nikapita mbele ya vijana waliokuwa wamekaa ngazini. Wao hawakuona sanduku lolote. Waliona mtu mzima mwenye tumbo lake, magoti yamepanda juu, anapita taratibu juu ya kitu kidogo. Walicheka mpaka mmoja akalala kwenye ngazi. Sikuwalaumu, maana nilijiona kwenye kioo cha duka nikacheka mimi mwenyewe.

Kwa hiyo ukisoma maoni ya watu kuhusu chombo hiki, usishangae yanavyogongana. Wanaosifu wanasifu mzigo unaoweza kukubeba. Wanaobeza wanabeza pikipiki isiyofika mbali. Kila mmoja anasema kweli kuhusu kitu alichokiona, ila hawajaona kitu kimoja.

Kuna na wale wa tatu, walioguswa na ule weupe. Ubavu wa Motocompacto ni kama ukuta mpya uliopakwa chokaa: watu hawawezi kuuacha. Honda wenyewe walihimiza wenye nazo wazipambe wapendavyo, na stika zikamiminika. Nimeona iliyochorwa kama kaseti ya zamani, na nyingine kama redio ya mkulima.

Na hao wanaobeza, wana hoja au ni wivu?

Wana hoja, na kubwa kuliko zote ni uzito. Honda wanasema kilo 18.7. Tangazo likisema "unabeba tu mkononi" unafikiria mkoba. Lakini wewe uliyelelewa kwenye nyumba ya kuteka maji unajua kilo 18.7 ni nini: ni ndoo ya lita 20 iliyomwagika kidogo njiani. Ndoo unaweza kuibeba, sawa. Kutoka bombani hadi mlangoni, sawa. Kuipandisha ghorofa ya tatu kila jioni ni habari nyingine, na hii huwezi kujitwika kichwani. Mshikio wake umekaa vizuri mkononi, hilo nakiri, lakini baada ya hatua hamsini unabadilisha mkono, na baada ya mia unatafuta mahali pa kuiweka chini.

Hoja ya pili ni magurudumu madogo. Barabara ikiwa laini unateleza kama uko barafuni. Ukikuta ufa kwenye lami, mgongo ndio unaofanya kazi ya shokapu. Niliingia kwenye ufa mmoja siku ya pili, meno yakagongana, na tangu hapo nikawa naendesha macho yakiwa chini kama mtu aliyedondosha sindano.

Ya tatu ni umbali, kilomita 19. Na hizo ni "hadi", neno ambalo kwenye matangazo lina kazi nzito. Mwenye mwili kama wangu, upepo wa Ohio ukimpiga usoni, hazifiki. Kwenye mwinuko wa daraja inanyong'onyea, inapanda kwa heshima zake bila haraka.

Lakini hapo ndipo nawakatalia baadhi ya wabezaji. Wanaidai kilomita za pikipiki wakati haikuundwa kwa safari nzima. Imeundwa kwa kile kipande ambacho Dar ungeshuka kwenye daladala ukachukua boda ya buku mpaka getini. Hapa Marekani hakuna boda ya buku. Kutoka kituo cha basi hadi ofisi ni dakika 25 kwa miguu, jua au theluji, na mara nyingine njia ya waenda kwa miguu inaishia katikati ya majani bila maelezo. Kwa kipande hicho, Motocompacto inafanya kazi yake vizuri kabisa. Umbo la boksi, linalochekwa sana, ndilo sehemu iliyofanikiwa kuliko zote. Kasoro zake ziko kwenye kilo na kilomita.

Inachukua mishkaki?

Hapana. Haichukui hata mmoja wa nyuma. Mwisho wake ni kilo 120, na hapo hesabu na begi lako.

Bei gani? Na kwa nini wanasema ni ghali wakati ni Honda?

Ilitoka kwa dola 995, kabla ya kodi. Kwa shilingi ya Tanzania ya wakati ule ilikuwa inakaribia milioni mbili na nusu, na najua umeshaanza kuhesabu pikipiki ya cc 125 yenye kibali cha kubeba abiria. Kila mtu wa nyumbani anafanya hesabu hiyo.

Wamarekani nao wana hesabu yao. Wanasema kwa fedha hiyo unapata skuta ya kusimama inayokwenda mbali zaidi, au baiskeli ya umeme yenye pedali. Ni kweli. Wanaojibu wanasema hakuna kati ya hizo inayosimama kimya chini ya dawati kama kabati la mafaili. Hiyo nayo ni kweli. Binafsi naona dola 995 ni bei ya jina na ya ule ustadi wa kukunja, maana ukitazama wati na kilomita peke yake huioni inakotokea.

Betri haiwaki moto ndani ya nyumba?

Swali la haki. Miaka hiyo moto wa betri za baiskeli na skuta za umeme za bei rahisi uliua watu New York, na jiji likatunga sheria kwamba vyombo hivi na betri zake lazima viwe vimethibitishwa kwa viwango vya UL, shirika la kupima usalama wa vifaa, ndipo viuzwe. Sheria hiyo ilianza kutumika Septemba 16, 2023, siku mbili tu baada ya Honda kuitangaza skuta yao. Kwa hiyo watu walikuwa na hofu mbichi, na jina la kampuni inayojulikana lilipata uzito ambao lisingeupata miaka mitano nyuma. Wapo waliosema wazi kwamba hawanunui skuta, wananunua usingizi.

Hata hivyo, usiichaji ukiwa umelala na usiichaji mlangoni pa kutokea. Hilo ni kwa betri yoyote kubwa ya lithiamu, iwe na jina gani.

Nije nayo likizo Desemba, niiweke kwenye mzigo?

Usijaribu. Kwa kawaida mashirika ya ndege yanaruhusu betri ya lithiamu hadi wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme unaobebwa na betri, na kati ya 100 na 160 kwa idhini yao. Ya skuta hii inazidi. Haijalishi inafanana vipi na sanduku, wa ukaguzi ataona ni nini.

Halafu kuna suala la umeme. Honda wanazungumzia chaja ya soketi ya volti 110, ya huku. Nyumbani ni 230. Hata ikifika kwa meli, soma maandishi ya mgongoni mwa chaja kabla ya kuchomeka, la sivyo utasikia harufu ambayo hutaisahau.

Barabarani inaruhusiwa, au utakamatwa?

Inategemea uko wapi, maana hapa kila jimbo na kila mji una yake. Ohio sheria inatambua vyombo vidogo vya mwendo mdogo: chenye usukani, kisichofika pauni 100, yaani kama kilo 45, na kisichozidi maili 20 kwa saa, kama kilomita 32. Motocompacto inaingia humo bila taabu. Barabara kuu sahau. Helmeti vaa. Nimeona wengi wasiovaa kwa sababu chombo chenyewe kinaonekana kama mchezo, lakini lami ya kilomita 24 kwa saa haijui kama ulikuwa unacheza.

Ingefaa Dar? Nairobi? Zanzibar?

Dar, kutoka Posta hadi Mwenge ni kama kilomita 10. Ukienda na kurudi umemaliza betri yote na nusu ya uti wa mgongo. Nje ya lami, kwenye mchanga wa mitaani kwetu, yale magurudumu yatazama kama visigino vya bibi harusi. Nairobi kuna milima na kuna matatu; sitasema zaidi.

Na kwa kazi ya abiria wala usiiwaze. Bodaboda wa kutwa anavuka kilomita 100 kirahisi, na waliolielewa hilo tayari wako kazini: Ampersand kule Kigali na Roam kule Nairobi wameunda pikipiki za umeme za kubeba watu na mizigo. Kwa Ampersand dereva hakai kungoja chaji, anabadilisha betri kituoni na kuondoka. Hicho ndicho chombo cha umeme kilichosanifiwa kwa maisha yetu. Motocompacto imesanifiwa kwa maisha ya mtu mwenye gari na shida ya maegesho.

Zanzibar, ndiyo, hapo moyo wangu unasita. Vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako vespa inapita na wewe unabana tumbo ukutani, boksi la sentimita 10 lingekuwa nyumbani. Unafika, unalikunja, unalipitisha mlango wa ngazi nyembamba bila kukwaruza nakshi. Kisha nakumbuka zile ngazi zilivyo, na ile ndoo ya maji.

Kukunja ni haraka kweli kama kwenye video?

Mara ya kwanza nilitumia dakika sita na kidole kimoja. Kuna mpangilio: ukikunja usukani kabla ya kiti kukaa mahali pake, kifuniko hakifungi, na utabaki unakisukuma kama begi lililojaa khanga za zawadi. Wiki ya tatu nilikuwa natumia chini ya dakika moja, ila kamwe sikufikia ule ulaini wa dada wa kwenye video.

Jambo ambalo video haionyeshi ni kwamba gurudumu la nyuma, likiwa limetoka kwenye tope la theluji, linaingia ndani na tope lake. Nilijifunza kutembea na kitambaa mfukoni.

Sasa wewe mwenyewe umenunua?

Sijanunua. Nakaa ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Jirani yangu ana gereji chini, kwa hiyo kwake ile ndoo ya maji haipandi ngazi.

Siku niliyoirudisha niliona nikiri kwake kabisa kwamba kuna mkwaruzo mmoja ubavuni, wa siku nilipoiegemeza vibaya kwenye nguzo ya taa. Akautazama, akauliza kama nina stika. Nilikuwa nayo moja tu, bendera ya Tanzania, iliyobaki kwenye gari tangu mechi ya Taifa Stars. Akaibandika palepale juu ya mkwaruzo. Sasa kila Mswahili anayeiona ikipita mtaani anapiga picha, ananitumia, na kuuliza ni lini nimenunua friji.